Mwanzishaji wa Wimbo wa Kuitana

Sauti yake ilikuwa mbaya. Naanza na hilo kwa sababu nikitaja wimbo tu, watu hudhani nawasimulia habari za mwimbaji, na mwimbaji kwa akili za siku hizi ni mtu mwenye sauti nyororo, kucha ndefu na picha iliyobandikwa nyuma ya hiace. Hapana. Ya kwake ilikwaruza kama lango la zizi. Kwenye kwaya ya kanisa walimweka mstari wa nyuma kabisa, karibu na dirisha, na mwalimu wa kwaya aliniambia mwenyewe kwamba aliomba lile dirisha liachwe wazi hata Julai, na baridi ya kwetu ya Julai mnaijua. Yeye hakuona vibaya. Alikaa palepale miaka yote, akiimba kwa nguvu, akikosea, akicheka.

Tulimwita Mwanzishaji. Jina la ubatizo alikuwa nalo, na watoto alikuwa nao ambao tungeweza kumwita kwa majina yao, lakini hakuna aliyejisumbua. Hata padri siku ya maziko alisoma jina la kwenye cheti, akaona watu wanaangaliana, akasema, "Yaani Mwanzishaji," ndipo tukaanza kulia. Ya kuzaliwa kwake na ya ukoo wake sitayasema. Yatosha kujua kwamba alikuwa Mbarabaig kutoka upande wa Hanang, akaolewa huku kwetu Mbulu kwa Wairaqw, na katika vitu alivyokuja navyo kimoja kilikuwa wimbo.

Wimbo wenyewe haukuwa wa kuchezea. Kwao wanawake wana kikao chao. Mwanaume akimpiga mke aliyetoka kujifungua, au akimtukana mama kwa uzazi wake, hilo si shauri la wazee wa kiume, ni la wanawake. Mmoja anasimama mahali pa juu, anaanza kuimba. Anayemsikia anaitikia hapohapo alipo, wa mbele yake anasikia maitikio anaitikia naye, hivyo hivyo mpaka ng'ambo ya bonde. Na ukishaitikia huna ruhusa ya kuendelea na kazi. Unatua jembe, unaepua sufuria, unachukua fimbo, unatoka. Mnakwenda kwa huyo bwana, mnakaa chini uani kwake, na hamwondoki mpaka atoe dume la ng'ombe. Maneno ni machache: mwenzenu analia, acheni vyote, mwenzenu analia, nani amebaki ndani? Kwa Kibarabaig yanauma zaidi, lakini hata kwa Kiswahili mnaelewa.

Alitufundisha pole pole, kwenye mashine ya kusaga, kisimani, kwenye palizi ya maharage. Wengi wetu wanawake wa Kiiraqw hatukujua maneno vizuri. Tulijua pa kuitikia, na tulijua kwamba ukiitikia umeshajifunga.

Mimi nina kibanda Dongobesh, hapo karibu na stendi. Naingiza nyimbo kwenye memori kadi na flashi, nachaji simu, natoa kopi umeme ukiwepo. Nimeifanya kazi hiyo mpaka masikio yamechoka. Mtu akiniambia anapenda muziki namwangalia tu, namwambia, "Hongera." Mwanzishaji alikuwa mteja wangu wa kuchaji kisimu chake cha tochi. Anashuka kutoka mlimani, anaketi juu ya kreti la soda mlangoni, anatoa kikopo chake cha ugoro, na hapo mpaka simu ijae. Kijana akimpa shikamoo huku macho yake yako kwenye simu, haitikii. Anamngoja. Kijana anarudia. Bado haitikii. Anayenyanyua kichwa na kumtazama usoni ndiye anayepata marahaba yake, tena ndefu, na maswali ya mama yake hajambo, na ng'ombe wamepata maji. Kuna waliokasirika. Kuna mmoja, fundi pikipiki, alimwambia, "Bibi, shikamoo ni shikamoo." Akamjibu, "Basi lipe kreti hiyo shikamoo yako."

Hakupenda kushukuriwa. Hilo lilikuwa tatizo, kwa maana alikuwa na watu wengi wa kumshukuru. Mwanamke akimletea kuku kwa sababu ya jambo lililopita, anamuuliza, "Huyu kuku ana kosa gani?" na kumrudisha naye nyumbani. Lakini ukimletea ugoro anapokea bila kuuliza chochote. Mchoyo wa ugoro alikuwa pia, jamani. Usithubutu kuomba.

Wanaume walimwogopa na kumdhihaki kwa pamoja. Tajiri mmoja wa vitunguu saumu, mwenye mashamba mpaka Tlawi na nyumba kubwa hapa kwetu, alimpiga mke wake mtoto akiwa hajatimiza arobaini. Wimbo ukaanza asubuhi. Tulipofika uani kwake alitoka amevaa koti, akatusalimia vizuri, akaagiza kreti mbili za soda zifunguliwe kwa ajili ya akina mama. Tukaangaliana. Wengine walikuwa tayari kusimama, maana kwa kweli kiu ilikuwepo na heshima alikuwa ametupa. Mwanzishaji akanyoosha mkono, akachukua ya chungwa, akanywa yote, akaweka chupa chini kwa utaratibu. "Soda tumekunywa," akasema. "Dume tunasubiri." Dume lilitoka kabla jua halijapinda, na tukalila palepale, na yeye tajiri hakuruhusiwa kuonja hata supu.

Nisimfanye malaika. Huyo huyo aliyemketisha tajiri hakuweza kumjibu shemeji yake. Shemeji akija kwake na maneno ya kumchambua, yeye anainamisha kichwa, anasema ndiyo baba, ndiyo baba. Nilimuuliza mara moja, kwa ukali kidogo, kwa nini anawaambia wanawake wengine wasinyamaze. Akasema, "Yule ana mdomo tu. Mdomo mimi nauacha upite. Siku akiweka mkono ndipo utaniona." Sikuridhika na jibu hilo, na mpaka leo siridhiki. Mdomo nao unaua mtu, ila pole pole.

Na habari ya mume wake lazima niiseme, maana ndiyo watu wanayoipenda. Zamani, alipokuwa na mtoto mchanga wa tatu, mume alimpiga kofi kwa sababu ya maziwa yaliyomwagika. Kofi moja. Mwanzishaji akamfunga mtoto mgongoni, akatoka nje ya boma lake mwenyewe, akapanda juu kidogo, akaanzisha. Wanawake walipofika akawa nao. Akaingia uani kwake kama mgeni, akakaa chini. Mume akamwambia, "Wape wageni maji basi." Akamwambia, "Mimi mwenyewe ni mgeni. Mwite mke wako." Mzee alitoa dume kwa aibu. Likachinjwa, likaliwa, wanawake wakaondoka, na yeye akafuta mikono, akaingia jikoni, akampikia mume ugali na maziwa ya mgando kama siku nyingine yoyote. Hawakuizungumzia tena. Mzee alipokufa alimlilia mpaka tukahofu. "Alinielewa mara moja tu," alisema, "na hiyo mara moja aliielewa vizuri."

Sasa nifike kwa yule msanii, ingawa sina hamu.

Alikuwa binti wa Katesh, aliyekulia mjini. Kibarabaig anakisikia, kukisema anajikwaa, na jambo hilo lilimuuma. Watu wanamsema vibaya, mimi siwezi. Alikuja kwa adabu zote. Alitoa shikamoo akiwa amepiga goti, alileta kitenge, sukari na ugoro mzuri, akakaa kwa Mwanzishaji siku kadhaa, anakamua ng'ombe, anateka maji, jioni anarekodi kwa simu. Alisema anataka kuimba kitu cha kwao, kitu cha wanawake, amechoka kuimba mapenzi ya kuachwa. Nani angemfukuza mtoto kama huyo?

Mimi nilimuuliza Mwanzishaji, "Mama, wimbo ule unautoa hivi hivi?"

Akanielezea kama mtu aliyeshafikiri kitambo. "Binti zetu wako Babati, wako Arusha. Wanakaa nyumba za kupanga, zenye kuta na mageti. Huko nani atapanda mlima awaitie? Mlima wenyewe hakuna. Wimbo ukiingia kwenye redio utapita ukutani. Huko nako wataitikia, watatoka."

Hilo ndilo aliloliamini. Mtu mwenye akili kama yake, na aliliamini kwa moyo wote, kwa sababu maisha yake yote hajawahi kuona mwanamke akisikia wimbo ule akabaki amekaa.

Wimbo ulitoka. Weee! Ulipigwa kila mahali. Studio waliuwekea mdundo, binti akaongeza beti za Kiswahili, simama dada, usikubali dada, na ile "nani amebaki ndani" ikawa ndiyo kiitikio, sauti tamu kweli, siwezi kusema uongo. Nimeuingiza kwenye memori kadi za watu mpaka nikawa nauona usingizini. Video nayo ikaja. Mwanzishaji aliitazama kibandani kwangu, kwenye kreti lake, na akaitazama tena, na tena. Binti alikuwa amevaa sketi ya ngozi, ile yenye shanga ya mwanamke aliyeolewa, na chini yake suruali ya jinzi.

"Huyu hajaolewa, amevaa ngozi ya mke wa mtu," akasema. "Na suruali ndani! Akikaa itamkwangua." Akacheka mpaka ugoro ukamwagika. Halafu akasema kwa sauti ya chini, "Lakini amependeza, eti? Irudie."

Na mema yake yalikuwepo. Binti yangu wa mwisho alikuwa bweni, na huko wasichana wa Kibarabaig walizoea kuchekwa kwa lafudhi yao, wengine wakifika mpaka kusema wao ni Wanyiramba ili wapone. Ule mwaka wakawa ndio wenye wimbo. Wenzao wakawa wanawafuata, nifundishe hapa panatamkwaje. Binti yangu alirudi likizo anaimba Kibarabaig kuliko mimi niliyeitikia miaka yote. Siku ya wanawake waliupiga uwanjani, wakubwa wakasimama wakacheza, wanawake kwa wanaume, mikono juu. Msanii alisema kwenye redio kwamba wanawake wanamwandikia, wanamwambia umenipa nguvu. Naamini. Mimi mwenyewe kuna asubuhi nimefungua kibanda sina nguvu, nikauwasha, nikapata za kufagia.

Ila kuna mama mmoja. Mama wa Kibarabaig, mtu mzima, alishuka kwenye hiace siku ya mnada akausikia wimbo kwenye spika yangu. Alitua mzigo wake palepale kwenye tope. Akachomoa fimbo, akaja mlangoni akihema, akaniuliza, "Ni nani? Amepigwa wapi?" Nikamwambia, "Mama, shikamoo. Hakuna aliyepigwa. Ni muziki tu." Akanitazama, akaitazama spika, akarudi kuchukua mzigo wake. Mnada uliofuata akashuka tena, wimbo unapiga, nikamwona amesita, mguu mmoja mbele. Mnada wa baada ya hapo akapita moja kwa moja akaenda kununua chumvi. Nilimwona kwa macho yangu akizoea, na sikujisikia vizuri hata kidogo.

Nilimsimulia Mwanzishaji. Halafu akasema, "Mimi nina sauti mbaya. Wimbo mtamu mtu anakaa ausikilize."

Haikupita muda mrefu ndipo yakatokea ya Martina.

Martina alikuwa mke wa kijana wa bodaboda, jirani ya Mwanzishaji huko mlimani, nyumba ya chini kidogo. Mtoto wa pili alikuwa na wiki chache. Mume alikuwa mcheshi, anapendwa na abiria, na kama mnataka kujua alikuwa ameuweka wimbo ule kuwa mlio wa simu yake. Mimi ndiye niliyemwekea. Asubuhi moja alimpiga Martina kwa sababu chai haikuwa na sukari. Sukari ilikuwa imekwisha tangu jana na yeye ndiye aliyeahidi kuileta. Alimpiga mkono ukavunjika, mtoto yuko mgongoni.

Mwanzishaji alisikia kilio. Akatoka, akapanda mahali pake pa siku zote, akaanzisha.

Wanawake walikuwa mashambani, kila upande, wakati wa palizi. Walisikia. Hilo ndilo linalochosha kulieleza: walisikia. Wengi walidhani ni spika ya pikipiki inapita barabarani, au ni simu ya mtu ameiweka kwenye kidumu ili ivume. Wengine waliitikia kwa furaha, wakiendelea na jembe, maana lilikwenda vizuri na mdundo. Msichana mmoja wa ng'ambo ya bonde alipaza sauti, "Ongeza sauti!" Mwanzishaji akaimba mpaka koo likakauka. Aliimba, akangoja, akaimba. Kisha akashuka peke yake na fimbo yake, akakaa uani kwa yule kijana peke yake, bibi mmoja juu ya udongo. Kijana akawasha pikipiki, akampita, akaenda kutafuta abiria.

Ni Mwanzishaji aliyempeleka Martina kufungwa plasta, na ni kibandani kwangu walipumzika wakingoja gari la kurudi. Nikawapa chai. Nilizima spika bila kuambiwa. Baadaye sana Martina, akiwa anamnyonyesha mtoto kwa mkono mmoja, akasema bila kumtazama yeyote, "Nilisikia mnaimba. Nikasema, wanakuja."

Mwanzishaji akaitazama sakafu. Sijawahi kumwona mtu akizeeka mbele yangu namna ile.

Wazazi wa Martina walimchukua kwao Masieda. Kisha mume akaenda na wazee, na asali, na maneno mazuri, kama ilivyo kawaida, na wakamrudisha. Wazee wa pande zote waliridhika. Kijana akahamia chini mjini Dongobesh, akapanga chumba kimoja nyuma ya stendi, kwenye nyumba yenye ukuta na geti la bati. Aliwaambia rafiki zake, na rafiki zake wakaniambia mimi, kwamba amehama ili akae mbali na wale wanawake wa mlimani.

Mwanzishaji aliacha kuja kibandani. Nilijiambia ni mvua, ni matope. Mwishoni nikampandia mwenyewe. Nilimkuta akipukuchua mahindi, na wanawake watatu wamemzunguka, wakiimba kitu kwa sauti ndogo, kama watu wanaombembeleza mtoto. Waliponiona wakanyamaza wote kwa pamoja.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Vuta kigoda."

Nikakaa. Tukaongea habari za mahindi na za bei ya kusaga. Halafu nikashindwa kuvumilia. "Mama, sasa mtaitana vipi?"

"Tutaitana."

"Mna wimbo mwingine?"

Mikono yake ilikuwa inaendelea na mahindi.

"Nifundishe basi na mimi. Si nimetoka na nyinyi miaka yote?"

Akanitazama kwa upole, na huo upole ndio ulioniumiza. "Umetoka, ndiyo. Lakini mwanangu, wewe unauza nyimbo."

Nilimwambia simu nimeiacha nyumbani. Nilimwambia siwezi kufanya jambo kama hilo. Akasema, "Najua huwezi. Hata yule binti hakuwa na ubaya." Nikanywa uji walionipa, nikaaga, nikashuka mlima nikilia kama mtoto aliyenyimwa kwenda shamba na wenzake. Miaka yote hiyo nimetua jembe, nimeacha sufuria, nimefunga kibanda wateja wananitukana, na sasa niko nje ya kundi. Iliniuma. Nilimkasirikia sana, nikasema maneno ambayo padri anayajua. Wiki nzima sikuuweka wimbo wowote kwenye spika, nikiambiwa nimeharibikiwa mashine nasema ndiyo.

Kisha maisha yakaendelea, maana ndivyo yanavyofanya. Mvua zikakatika, maharage yakavunwa, mwaka ukageuka. Nikasikia kwamba Martina amejifungua tena, na kwamba chumba kile cha nyuma ya stendi kina kelele. Wapangaji wenzake walikuwa wanaongeza redio ili wasisikie.

Mara ya mwisho kumwona Mwanzishaji akitembea kwa miguu yake ilikuwa mchana wa siku ya kawaida, si siku ya mnada. Nilikuwa na wateja wawili, mmoja anataka nyimbo za injili, mwingine anabishana nami juu ya chaja. Spika ilikuwa inapiga kitu, sikumbuki nini. Nikainua kichwa nikaona wanawake wanashuka kutoka barabara ya mlimani. Mmoja nyuma ya mwingine, na fimbo. Hawaimbi. Wengine walikuwa na udongo wa shamba miguuni, mmoja alikuwa na unga kwenye mikono mpaka viwikoni. Sikuwa nimesikia chochote. Labda waliimba kule juu, labda hawakuimba, sijui mpaka leo, na hakuna aliyeniambia.

Mbele alikuwa Mwanzishaji, amechoka kabisa, anatembea kwa kuvuta mguu.

Nikamuuliza mmoja niliyemjua, "Mnaenda wapi?" Akapita. Nikamuuliza wa pili, naye akapita. Basi nikazima spika. Nikamwambia wa chaja, "Njoo kesho." Akasema, "Mama, memori kadi ya mwenzangu iko ndani ya mashine yako!" Nikafunga kufuli yeye akiwa bado anasema, nikaingia mwishoni mwa mstari. Sikuwa hata na fimbo. Hakuna aliyenifukuza.

Tulipofika kwenye lile geti la bati lilikuwa limeegeshwa tu. Mwanzishaji akalisukuma. Uani kulikuwa na kamba za nguo, madumu ya maji, jiko la mkaa la mtu na sufuria juu yake. Wapangaji walitoka milangoni. Redio moja ikazimwa, kisha ya pili. Yule kijana alitoka akiwa amevaa fulana, pikipiki yake iko pembeni, akatuhesabu kwa macho. Uso wake ukabadilika.

"Nani amewaita?" akauliza. "Mimi sijasikia mtu akiimba. Nani amewaita?"

Akamwuliza mwenye nyumba kama anaona mambo haya. Mwenye nyumba, mzee wa biashara, akatutazama, akamtazama Mwanzishaji, akatoa shikamoo yake kwa adabu, akarudi ndani kwake akafunga mlango.

Martina akatoka nyuma ya mume wake, mtoto mchanga mgongoni. Jicho moja lilikuwa limefumba kwa uvimbe. Ule mkono wa zamani ulikuwa umepona umepinda kidogo, na ndio alioushikia mlango. Akatutazama mmoja mmoja. Mimi nilipofikiwa nilishindwa kumtazama, nikatazama madumu.

"Mmechelewa," akasema.

Nilidhani Mwanzishaji atajitetea. Angeweza. Angeweza kusema aliimba siku ile mpaka koo likakauka, kwamba alikaa uani peke yake, kwamba dunia ndiyo iliyoziba masikio. Wote tuliokuwepo tulijua hayo, na tulikuwa tunangoja ayaseme kwa niaba yetu.

"Tumechelewa, mwanangu," akasema.

Akaegemea fimbo yake, akapinda goti moja, kisha la pili, taratibu, kwa shida, akakaa chini kwenye lile vumbi. Na sisi tukakaa.